Meya wa miaka 21: acheni kutuuzia hamasa

Najua nimepotea, asaimenti zimenibana mpaka basi. Ila leo nimeona niandike, maana kuna picha imenichosha.

Mnaijua. Mdada wa Kihindi amekaa mezani ofisini, mkono mmoja amempakata mtoto mchanga, mwingine anapekua mafaili. Chini yake huwa kuna maneno ya kutusuta, kwamba mwenzetu alikuwa meya wa jiji akiwa na miaka 21 na sisi tumelala tu kwenye mahosteli yetu tukisubiri bumu. Nimetumiwa na watu wasiopungua sita. Kuna mgeni mmoja alialikwa kutupa semina ya uongozi akaiweka mpaka kwenye projekta, akasema tofauti yetu na huyo dada ni kujiamini. Kujiamini tu! Watu wakapiga makofi.

Halafu tangu Desemba 2025 imeanza picha ya pili. Dada yuleyule, safari hii chama chake kimeshindwa uchaguzi wa jiji, na ujumbe umegeuka: mnaona sasa, jiji si la kuwapa watoto. Cha kuchekesha ni kwamba watumaji wengine ni walewale wa picha ya kwanza.

Mi nasema hivi, hao wa kwanza na hao wa pili wana ugonjwa mmoja. Wote wamemchukua mtu mmoja wakambebesha mzigo wa nchi nzima. Akipanda, amepanda kwa kujiamini. Akishuka, ameshuka kwa utoto. Hakuna anayeuliza alipandaje na kwa ngazi gani.

Haya, tuwekane sawa. Anaitwa Arya Rajendran, amezaliwa Januari 1999. Baba yake fundi umeme, mama yake wakala wa bima. Desemba 2020 alikuwa anasoma shahada ya kwanza ya hisabati, mwaka wa pili, kama jirani yako wa chumbani. Mwezi huo akagombea udiwani kata ya Mudavanmugal, akashinda, na tarehe 28 madiwani wenzake wakamchagua meya wa Thiruvananthapuram, makao makuu ya jimbo la Kerala, kusini kabisa mwa India. (Jina refu kama treni, wengi hufupisha Trivandrum.) Jiji lina watu wanaokaribia milioni moja, na wakati huo lilikuwa na kata 100. Alipata kura 54. Mohanlal, yule mwigizaji mkubwa wa sinema za Kimalayalam, nyumba yake iko kwenye kata hiyohiyo, basi hilo nalo likawa habari.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndo wanapotuficha.

Kiti cha umeya cha jiji lile mwaka 2020 kilikuwa kimetengwa kisheria kwa ajili ya mwanamke. Si kwamba chama fulani kilijisikia vizuri asubuhi kikaamua kuwapenda akinamama. Ni sheria. India ilibadilisha katiba yake mwaka 1992 ikasema angalau theluthi moja ya viti vya halmashauri za miji iwe ya wanawake, pamoja na sehemu ya viti vya wenyeviti na mameya. Kerala wakaona theluthi haitoshi, wakapandisha mpaka nusu, na uchaguzi wa kwanza kwa utaratibu huo ukafanyika 2010. Kwa hiyo siku ile ya kumchagua meya, wagombea wa pande zote walikuwa wanawake. Chama tawala mwanamke, wapinzani wanawake. Hakuna mwanaume aliyeshindwa na kujiamini kwa Arya, hawakuwepo kwenye karatasi kabisa!

Na wanaotengewa viti hivyo wanaenda kupigiwa kura. Hapa naomba mnisome taratibu, kwa sababu nikisema kiti kimetengwa, kuna kaka zangu wa mwaka wa tatu tayari wanatabasamu: aah, kumbe viti maalum. Hapana. Viti maalum vya kwetu mnavijua vinavyopatikana. Chama kinaandaa orodha, uchaguzi unapita, nafasi zinagawanywa kwa vyama kulingana na matokeo, diwani wa viti maalum anaingia ukumbini bila kata. Hana mtaa wa kurudi kuulizwa habari ya mtaro. Aliyemweka ni orodha, na orodha inaandikwa na watu. Wapo akinamama wanaofanya kazi kubwa humohumo, siwabezi, ila mfumo wenyewe unawafanya waangalie juu kabla ya kuangalia chini.

Kerala wanatenga kata. Yaani inasemwa, uchaguzi huu kata hii na hii na hii, zitagombewa na wanawake watupu. Vyama vyote vinalazimika kutafuta mwanamke anayeweza kushinda, kumpa hela, kumpa watu wa kampeni, kumzungusha nyumba kwa nyumba. Wapiga kura, wanaume kwa wanawake, wanachagua. Akishinda ana kata, ana mipaka, ana bibi anayemjua kwa jina na kumpigia simu maji yakikatika.

Mnaona tofauti? Sheria ya namna hiyo inavilazimisha vyama vitafute na kulea wasichana kabla ya uchaguzi. Sheria ya orodha inavitaka vijaze orodha tu.

Ushahidi kwamba si muujiza wa mtu mmoja upo. Mwaka uleule 2020, jimbo lilelile, dada mwingine anaitwa Reshma Mariam Roy alitimiza miaka 21 siku moja tu kabla ya mwisho wa kurudisha fomu, akagombea, akashinda, akawa mwenyekiti wa halmashauri ya kijiji cha Aruvappulam. Sisi wa ualimu tunafundishwa, darasani mtoto mmoja akipata mia angalia mtoto, wakipata wengi angalia mwalimu na kitabu. Na ukitaka kuona upande wa pili wa shilingi, angalia sehemu ambayo sheria haikugusa: tangu jimbo la Kerala lianzishwe mwaka 1956 mpaka 2025 inaisha, halikuwahi kuongozwa na waziri mkuu wa jimbo mwanamke. Hata mmoja. Jimbo lilelile, wanawake walewale, kusoma wamesoma kweli. Kwani huko juu kujiamini kuliwaishia?

Tena umri wa chini wa kugombea udiwani kule ni miaka 21. Hapa Tanzania? 21. Kwa hiyo mtu asituambie sheria ya umri inatuzuia, wala asituambie wao wana damu tofauti. Mwenye miaka 21 hapa anaruhusiwa kabisa. Kinachomzuia ni kura za maoni ndani ya chama, pesa ya kuzunguka, na wazee wa kata watakaomwuliza kwanza ameolewa na nani.

Ngazi ya pili ni chama. Arya hakuokotwa. Tangu akiwa mtoto wa shule alikuwa kwenye Balasangham, jumuiya ya watoto yenye uhusiano na chama cha kikomunisti cha kule, CPI(M), na mpaka anagombea alikuwa rais wake wa jimbo. Alikuwa pia kwenye kamati ya jimbo ya umoja wa wanafunzi wa SFI. Yaani huyo binti wa miaka 21 alikuwa na uzoefu wa miaka mingi wa kuendesha vikao, kuandika mihtasari, kubishana na watu waliomzidi umri. Sisi tunawapa watoto wetu nini? Nimesoma shule ambazo kaka mkuu anasimama paredi na kutoa matangazo, dada mkuu anahesabu fagio. Siku mbili tatu zijazo nikienda field nitakuta hivyohivyo, na mimi ndo nitakuwa mwalimu wa zamu.

Ngazi ya tatu haimpendezi mtu wa hamasa hata kidogo: bahati, au tuseme msiba wa wenzake. Chama chake kilikuwa na majina mengine ya akinamama wazoefu kwa ajili ya umeya. Waliotajwa sana walikuwa S. Pushpalatha na A. G. Oleena. Wote wawili walishindwa kwenye kata zao. Hata aliyekuwa meya, K. Sreekumar, aliangushwa. Chama kimeshinda jiji, kiti kinataka mwanamke, akinamama waliopangwa hawapo. Ndipo wakageuka wakamwangalia yule mwanafunzi. Hii haimpunguzii heshima, maana yeye alishinda pale wakubwa waliposhindwa. Ila ukisimama na projekta ukasema ni kujiamini tu, unatudanganya watoto wa watu.

Nikija kwa hawa wa picha ya pili, wa "tuliwaambia". Hawa nawapa nafasi zaidi, kwa sababu angalau wanamjadili kama meya.

Wanasema jiji lilimshinda. Sawa, tuzungumzie jiji. Ukitaka kujua kazi ya meya wa Thiruvananthapuram, achana na picha ya mtoto mchanga (ni ya Septemba 2023, mtoto ana mwezi mmoja). Nenda Julai 2024. Katikati ya jiji unapita mfereji unaitwa Amayizhanjan, na sehemu yake inapita chini ya reli, pale stesheni kuu ya Thampanoor. Mfereji umejaa plastiki na uchafu wa kila aina. Kibarua mmoja aliingia kuusafisha, mvua ikanyesha, maji yakamchukua akapotelea chini ya reli. Wazamiaji walimtafuta kwenye tope na takataka. Mwili ulipatikana baada ya siku mbili.

Jiji likasema eneo ni la reli, reli wasafishe. Reli wakasema uchafu unatoka mjini, jiji lisafishe. Marehemu hakuwa wa jiji wala wa reli, alikuwa wa mkandarasi. Meya akalia mbele za watu, na picha ya machozi yake ikasambaa kuliko picha ya mfereji.

Hiyo sijatumiwa na mtu yeyote. Sita walionitumia ya mtoto, hakuna hata mmoja aliyenitumia hiyo. Ila kama kweli unataka kuniambia mwanamke kijana anaweza kuongoza jiji, hapo ndipo pa kuanzia: mtaro, uchafu, na mtu maskini aliyekufa akifanya kazi ambayo taasisi mbili zinasukumiana. Na mimi kwenye hilo simtetei moja kwa moja. Ni kweli tatizo ni la zamani. Jiji lilikuwa na kiwanda kikubwa cha taka huko Vilappilsala, wananchi wa pale wakachoka harufu na maji machafu, kikafungwa mwaka 2011. Arya alikuwa na miaka 12. Tangu hapo jiji likaegemea kwenye kuozesha taka majumbani na akinamama wanaopita nyumba kwa nyumba kukusanya plastiki. Ni mpango mzuri, na Oktoba 2024 jiji lilipewa tuzo ya UN-Habitat kule Alexandria, Misri, kwa mambo ya maendeleo endelevu, meya akaenda kuipokea. Lakini miaka mitatu na nusu ofisini si michache. Mtu wa miaka 50 angeulizwa, na yeye aulizwe vilevile. Kumwonea huruma kwa sababu ni mdogo ni dharau nyingine, tena ile ya tabasamu.

Nisichokubali ni kwamba hukumu ikifika kwake inageuka kuwa ya umri na ya jinsia. Novemba 2022 ilivuja barua yenye nembo ya ofisi ya meya ikimwomba katibu wa chama wa wilaya orodha ya watu wa kujaza nafasi 295 za muda za halmashauri. Arya alikana kuiandika. Wapinzani wakaandamana wiki nyingi, polisi wakachunguza. Sasa hilo ni swali zito: je, ajira za jiji zinapangwa jijini au kwenye ofisi ya chama? Ni swali la kuuliza chama chochote kilichokaa madarakani muda mrefu, na CPI(M) walikuwa wamelishika jiji hilo kwa zaidi ya miaka 40. Lakini ukisoma maoni ya watu mtandaoni, utadhani chama kilianza siku Arya alipoapishwa. Eti binti amepotoka kwa sababu amepewa cheo mapema. Wakati hiyo barua iliyozua kelele ilikuwa imeandikwa kwenda kwa mzee wa chama!

Na lile la basi, Aprili 2024. Yeye, mumewe Sachin Dev ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa bunge la jimbo, na ndugu zao walilisimamisha basi la shirika la umma barabarani, wakimtuhumu dereva kuendesha hovyo na kuwafanyia ishara chafu wanawake waliokuwa kwenye gari. Dereva akakana. Memori kadi ya kamera ya basi haikupatikana. Hapa naomba niwe mkweli, mi sikupenda. Meya na mbunge kusimamisha basi lenye abiria ni matumizi ya ukubwa, hata kama ishara ilikuwepo, polisi wapo. Ila wanaume wangapi wenye vyeo wamesimamisha mabasi, vivuko na hata misiba, na hakuna aliyesema ni kwa sababu ni wanaume? Kwake likaitwa kiburi cha binti. Kosa ni lilelile, jina limebadilika.

Tufike Desemba 2025. Arya hakugombea. Chama kilipigwa vibaya: kata sasa ni 101, BJP wakachukua 50, muungano wa kushoto 29. Ni mara ya kwanza BJP kulishika jiji hilo, na meya mpya ni V. V. Rajesh, mwanaume, kwa sababu safari hii kiti kilikuwa wazi kwa wote. Lawama zikaanza kumwangukia Arya, nyingine kutoka ndani ya chama chake mwenyewe. Watu waliolishika jiji zaidi ya miaka 40 wameangushwa, na anayeshikiwa kalenda ni aliyekaa mitano. Uungwana huo?

Kwenye habari hiyo kuna kitu hata sisi tunaoshabikia sheria ya kutenga lazima tukikubali. Viti vinavyotengwa vinazunguka. Uchaguzi huu kata yako ni ya wanawake, ujao si lazima. Faida yake ni kwamba kila eneo litaonja. Hasara yake, mwanamke anamaliza miaka mitano ndo kwanza ameijua kazi, kata inafunguliwa, chama kinamshukuru kwa mchango wake na kumpa mwanaume. Ukiangalia vizuri, sheria inamfungulia mlango lakini haimwambii mtu yeyote asiufunge nyuma yake. Kama siku moja tutaidai hapa kwetu, na mi naona tuidai, kata zitengwe badala ya orodha, tuidai na hilo tukiwa tumelifikiria. Labda kata ikae imetengwa vipindi viwili mfululizo. Wanasheria wa humu mtusaidie, mnakulaga bumu la nini.

Kwa hiyo kaka wa projekta, na nyie sita wa WhatsApp, nawaombeni sana. Mkitaka kumtumia Arya kutufundisha, tufundisheni yote: kata iliyotengwa, jumuiya ya watoto, akinamama wawili walioshindwa, mfereji, barua, basi, kiti kilichozunguka. Hata wasichana wanaotaka kugombea serikali ya wanafunzi hapa mwaka huu watafaidika zaidi wakijua hayo kuliko kuambiwa wajiamini. Kujiamini wanako. Kila mwaka wanapangwa kuwa makamu na wanajiamini hivyohivyo wakiwa makamu.

Na wanaosema amekwisha, fanyeni hesabu ndogo tu, hata bila shahada ya hisabati. Januari 2026 ametimiza miaka 27. Ameshaendesha jiji miaka mitano, ameshapokea tuzo, ameshatukanwa, ameshalia mbele za watu, amezaa, na chama chake kimeshaanguka. Hapa kwetu mwanasiasa wa miaka 27 anatumwa kwenda kununua maji ya kikao.